Fedha za Novemba: ni mchango upi hasa unaokifaa chuo kikuu cha mkoani?

Tangu Marekani ilipositisha misaada yake ya nje Januari 2025, na hasa baada ya shirika lake la USAID kuacha rasmi kufanya kazi Julai mosi mwaka huo, mazungumzo kuhusu vyuo vikuu vyetu vya Nyanda za Juu Kusini yamekuwa na kauli moja. Wafadhili wanaondoka, fedha zimekauka, tutafute wafadhili wengine. Nimeisikia kauli hiyo Mbeya na nimeisikia Iringa, kwa watu wenye nia njema kabisa, na kila nikiisikia naona inakosea pale pa msingi, kwa kuwa inadhani tatizo letu ni ukubwa wa fungu lililoondoka. Hoja yangu ni kwamba kinachowaangusha wanafunzi wengi na kuwakwamisha wahadhiri wengi katika chuo kikuu cha mkoani ni kiasi kidogo cha fedha ambacho hakikupatikana siku kilipohitajika. Kwa hiyo mchango unaokifaa chuo cha namna hiyo ni ule mdogo unaorudi kila mwaka kwa tarehe inayojulikana, unaosimamiwa na watu wa hapa hapa, na unaomfikia mwalimu kama unavyomfikia mwanafunzi. Mchango wa aina hiyo haujawahi kutegemea sana mashirika makubwa ya nje, na kuondoka kwao hakuwezi kuwa sababu ya sisi kushindwa kuuanzisha.

Ukanda huu unapaswa kulielewa jambo hili mapema kuliko wengine, kwa sababu umewahi kumpoteza mfadhili mkubwa kuliko USAID. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, ambacho wengi tunakiita MUST, kilianza mwaka 1986 kikiwa chuo cha ufundi, kwa makubaliano kati ya Serikali ya Tanzania na Umoja wa Kisovieti. Miaka mitano baadaye, Desemba 1991, mfadhili huyo hakuwapo tena kwenye ramani ya dunia. Chuo hakikufungwa. Mwaka 2005 kikawa taasisi ya sayansi na teknolojia, mwaka 2012 kikapanda kuwa chuo kikuu, na leo vijana wanaosoma uhandisi pale Iyunga wengi wao hawajui kwamba mizizi ya chuo chao inafika Moscow. Naamini kilichokiokoa ni kwamba msaada ule ulikuwa umeshageuka kuwa mali ya hapa: karakana, mitaala, na juu ya yote walimu waliobaki kazini wakilipwa na Serikali. Mfadhili alipotoweka, alichokuwa amekitoa kilikuwa kimeshapata mwenyewe.

Vyuo vya madhehebu navyo vina historia yao ya kutolewa. Wamisionari wa Moraviani na wa Berlin walifika ukanda huu mwaka 1891, na popote walipojenga kanisa walijenga na darasa. Wakatoliki nao wakafanya hivyo hivyo kuanzia Tosamaganga hadi Mbeya. Chuo Kikuu Teofilo Kisanji cha Wamoraviani, Chuo Kikuu cha Kikatoliki Ruaha, Chuo Kikuu cha Kikatoliki Mbeya na Chuo Kikuu cha Iringa kilichoanzishwa na Walutheri miaka ya 1990 vyote ni matawi ya mti huo. Katika historia hii kuna uhusiano mmoja ninaouona kuwa na fundisho zaidi ya mingine. Ni ule unaoitwa Bega kwa Bega, ulioanza mwaka 1987 kati ya Dayosisi ya Iringa ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) na Walutheri wa eneo la Saint Paul katika jimbo la Minnesota. Umedumu karibu miaka arobaini, ukapita mabadiliko ya marais na ya sera katika nchi zote mbili, na sehemu kubwa ya kazi yake imekuwa ni kulipia karo za wanafunzi wa sekondari. Umedumu kwa sababu usharika wa huku umeshikana na usharika wa kule, watu wanajuana, na mwaka ukigeuka karo inatarajiwa tena. Hakuna rais anayeweza kuusitisha kwa saini moja.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo nadhani halizungumzwi vya kutosha, nalo ni kalenda. Mwaka wa masomo wa vyuo vikuu vyetu unaanza mwishoni mwa Oktoba au mwanzoni mwa Novemba. Nyanda za Juu Kusini zina msimu mmoja wa mvua, unaoanza Novemba na kuishia Aprili au Mei. Kwa hiyo wiki ile ile ambayo mzazi wa Mbozi, Ileje, Makete au Ludewa anatakiwa kulipa awamu ya kwanza ya ada ndiyo wiki anayonunua mbegu na mbolea ya kupandia, na asipoinunua wiki hiyo hatakuwa na ada ya mwaka unaofuata pia. Mahindi aliyoyavuna kati ya Juni na Agosti ameshayauza, mengi yake yakiwa bado na bei ya chini ya wakati wa mavuno, kwa kuwa alikuwa na madeni ya msimu uliopita. Muhula wa pili unapoanza, Machi au Aprili, hali ni ngumu zaidi: ghala limebaki na ya kula tu, shambani mahindi bado ni mabichi, na hata vibarua vya palizi vimeshakwisha. Mkulima wa chai wa Rungwe au Mufindi anayelipwa majani yake mwezi kwa mwezi ana unafuu kidogo. Wa kahawa anasubiri mauzo, na wa mahindi na maharage hana pa kushika. Ukimwangalia mzazi huyu Agosti utamwona mtu anayejiweza, na ukimwangalia Novemba utadhani ni fukara. Ni mtu yule yule, ila mali yake haiko katika umbo la fedha siku chuo kinapoihitaji.

Ada ya mwaka kwa shahada nyingi zisizo za tiba ni kati ya shilingi milioni moja na milioni moja na nusu. Mwanafunzi anayekwama mara nyingi amekwama kwenye kipande cha mwisho, laki mbili au laki tatu, si kwenye ada nzima. Lakini taratibu za vyuo vingi hazitofautishi aliyebakiza laki mbili na ambaye hajalipa chochote: asiyefikisha kiwango kilichowekwa hasajiliwi, asiyesajiliwa haingii kwenye mtihani, na asiyeingia kwenye mtihani anaahirisha mwaka. Akiahirisha anarudi nyumbani, na akikaa nyumbani mwaka mzima, hasa akiwa msichana, yako mambo mengi yanayoweza kumzuia asirudi tena. Chuo kimempoteza mwanafunzi, Bodi ya Mikopo imepoteza mkopo iliokwisha kumpa, na familia imepoteza mahindi ya miaka miwili, yote kwa sababu ya kiasi ambacho kamati ya harusi ya mjini hukusanya jioni moja.

Nilishuhudia kwa macho jinsi pengo la namna hiyo linavyozibwa. Ilikuwa Jumapili ya Novemba katika usharika mdogo upande wa Isongole, njia ya kwenda Tukuyu, ukungu ukiwa umeshuka hadi kwenye madirisha ya kanisa. Baada ya ibada watu walisimama nje, na mzee wa kanisa akaanza mnada wa sadaka za mazao: debe mbili za viazi, jogoo mmoja, na mkungu wa ndizi. Alieleza kwamba fedha za siku hiyo ni za binti wa mwaka wa tatu aliyebakiwa na wiki moja kabla ya usajili kufungwa, na pengo lake ni laki moja na themanini. Mkungu ulianza elfu tano. Mama mmoja aliufikisha elfu kumi na mbili, akalipa, kisha akausukuma kwa mguu kurudi katikati na kusema, "Mzee, uuze tena." Uliuzwa mara nne. Jogoo aliuzwa mara tatu, na wa mwisho aliyempata alilipa nusu na kuahidi nusu iliyobaki Jumatano, siku ya gulio. Mhazini aliandika kila jina kwenye daftari la kaunta, na kabla watu hawajatawanyika alisoma jumla kwa sauti: laki moja na elfu tisini na tano. Elfu kumi na tano zilizozidi zilikuwa nauli.

Sisemi kwamba mnada wa ndizi ndio mpango wa kuendesha chuo kikuu. Ninachosema ni kwamba katika saa moja ile kulikuwa na mambo ambayo mifuko mingi mikubwa haina. Kiasi kilichohitajika kilijulikana kwa usahihi, tarehe ya mwisho ilijulikana, kila aliyetoa alisikia jina lake likiandikwa na jumla ikisomwa, na fedha zilikwenda moja kwa moja kulipia ada. Hakukuwa na mpiga picha, wala mfano wa hundi, ule ubao mkubwa ambao mwanafunzi maskini hulazimika kuushika mbele ya kamera akiwa ameinamisha macho. Binti mwenyewe hakuwapo. Heshima yake ilihifadhiwa, na hilo nalipima kwa uzito sawa na fedha zenyewe, kwa kuwa nimewajua vijana walioamua kuahirisha mwaka kuliko kusimamishwa hadharani kuwa mfano wa uhitaji.

Kuna hoja nzito dhidi ya yote haya, na inastahili kujibiwa kwa heshima. Inasema elimu ya juu ni wajibu wa Serikali, na kila shilingi ya sadaka inayoingia chuoni inaipa Serikali nafasi ya kutoa shilingi moja pungufu. Wanaoisema wana ushahidi wa upande wao. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, inatoa mamia ya mabilioni ya shilingi kila mwaka, kiasi ambacho hakuna kanisa, msikiti wala chama cha wahitimu kinachoweza kukikaribia. Fedha za chakula na malazi, zile ambazo wanafunzi wanaziita boom, zimepanda kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Kuanzia mwaka wa masomo 2022/2023 kuna Samia Scholarship kwa waliofaulu vizuri zaidi masomo ya sayansi kidato cha sita. Na mradi wa Serikali wa kuboresha elimu ya juu uitwao HEET, unaotokana na mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425 ulioidhinishwa mwaka 2021, umeleta majengo na masomo ya juu ya watumishi katika vyuo vya umma, MUST ikiwamo. Nakubali kwamba msingi wa elimu ya juu ni kodi, na nitakuwa wa kwanza kupinga mtu atakayetumia mchango wa wananchi kuwa kisingizio cha kupunguza bajeti.

Lakini mfumo wa Serikali, kwa asili yake, hauwezi kuwa mwepesi. Mkopo hupangwa kwa madaraja, na mwanafunzi aliyepangiwa sehemu tu ya ada anabaki na sehemu nyingine mikononi mwa mzazi yule yule wa Novemba. Rufaa ina utaratibu wake na wiki zake. Bodi inayohudumia nchi nzima haiwezi kujua kwamba mvua ya mawe imepiga mashamba ya Uporoto wiki iliyopita, au kwamba baba wa mwanafunzi fulani amelazwa hospitali ya rufaa na fedha za ada zimekwenda kwenye dawa. Mambo hayo anayajua mshauri wa wanafunzi pale chuoni, anayajua mchungaji, anayajua mwenye nyumba aliyempangisha chumba. Mfuko mdogo ulio karibu unafanya kazi ambayo mfuko mkubwa ulio mbali haukuundwa kuifanya, kwa hiyo hauchukui nafasi yake. Tena unalinda fedha za umma zilizokwisha kutumika, kwa sababu mwanafunzi aliyekopeshwa kwa miaka miwili kisha akaacha masomo kwa ajili ya laki mbili ni deni ambalo pengine halitarudi, wakati mhitimu aliyeajiriwa anakatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi hadi amalize.

Hoja nyingine, ambayo naiona dhaifu kuliko zote na ndiyo ninayoisikia mara nyingi zaidi, ni kwamba wahadhiri hawahusiki na habari ya michango kwa kuwa wana mishahara. Anayesema hivyo hajaangalia fedha zinavyotembea ndani ya chuo kisicho cha Serikali. Katika chuo cha dhehebu mshahara wa mwalimu unategemea ada. Wanafunzi wakishindwa kulipa Novemba, mshahara wa Desemba unachelewa. Mishahara ikichelewa mara mbili au tatu, mhadhiri aliyekwisha kuiva anahamia chuo cha umma, mara nyingi chuo cha mkoa mwingine. Akiondoka, kozi yake inabaki kwa kijana aliyemaliza uzamili juzi, ambaye anapewa madarasa matatu yenye mamia ya wanafunzi na hapati muda wa kusoma zaidi. Mwaka unaofuata wazazi wanasikia kwamba chuo kimeshuka, na waombaji wanapungua. Mnyororo huo ulianzia kwenye laki mbili za mwanafunzi. Anayelipia ada ya mwanafunzi katika chuo cha namna hii amemsaidia na mwalimu, kwa kuwa ni mfuko mmoja unaoliwa kutoka pande mbili.

Na hata mshahara ukifika kwa wakati, mshahara ni wa kuishi, haukupangwa kuwa wa utafiti. Mhadhiri msaidizi hawezi kupanda kuwa mhadhiri bila shahada ya uzamivu, na uzamivu una gharama ambazo hazionekani kwenye barua ya udahili: nauli za kwenda kukusanya takwimu Usangu au Kitulo, malipo ya wasaidizi wa utafiti, kupima sampuli, ada ya kuchapisha. Wapo walimu ambao tasnifu zao zimelala miaka minne kwa kukosa milioni tatu za kazi ya uwandani. Katika maabara moja ya chuo ambacho sitakitaja niliona mashine nzuri iliyotolewa na wafadhili, imefunikwa kwa kitambaa cha kitenge ili isiingie vumbi. Ilikuwa imekosa kifaa kimoja cha kubadilisha na kemikali zake zilikuwa zimeisha, kwa kuwa mchango ule ulinunua mashine na haukuacha fedha za kuitunza. Mwalimu wa somo aliwafundisha wanafunzi wake matumizi yake kwa kuchora ubaoni, mashine yenyewe ikiwa nyuma ya mgongo wake. Nilimwona akifuta chaki mikononi kwa utulivu na nikafikiria jinsi ambavyo kiasi kidogo cha kila mwaka, kisicho na uzinduzi wala utepe wa kukata, kingeifanya mashine ile kuwa mali ya darasa lile.

Jambo hili linagusa maisha ya ukanda wenyewe kwa ukaribu sana. Tunalima parachichi Rungwe na Njombe, viazi Uporoto na Makete, mpunga Kyela na Mbarali, tunapanda misitu Mufindi, na maswali ya kilimo hicho hayaishi: udongo unaochoka, magonjwa ya viazi, maji ya Ruaha Mkuu yanayogombaniwa na mashamba, mifugo na hifadhi. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Serikali, TARI Uyole, kinafanya sehemu yake. Chuo kikuu cha mkoani kina nafasi ya kufanya yake kupitia mwalimu anayeishi hapa na wanafunzi ambao wazazi wao ndio wakulima wenyewe. Utafiti unaofadhiliwa kutoka nje huja na maswali ya huyo anayeufadhili, na hiyo ni hoja ya kweli ya wanaosema misaada inatufunga mikono. Dawa yake ni kuwa na fedha zetu, hata kama ni kidogo, ambazo kamati ya utafiti ya chuo inazigawa kwa maswali yetu. Mfanyabiashara wa mbao wa Mafinga au chama cha wakulima wa parachichi kikitoa milioni mbili kwa mwaka, zinatosha kumlipia mwalimu mmoja na wanafunzi wake wawili kazi ya uwandani ya msimu mzima, mradi mtoaji asichague jibu litakalopatikana.

Kuhusu madai kwamba sisi ni maskini, hatuna cha kutoa, sitatumia maneno mengi. Mtu yeyote aliyewahi kupokea kadi ya mchango wa harusi anajua kwamba tunatoa, tena kwa mpangilio. Hata hivyo sipendi ile kawaida ya kuwasuta watu kwamba wanachangia harusi na hawachangii elimu. Ni afadhali kujifunza kwa nini harusi inachangiwa. Inachangiwa kwa sababu kamati ina mwenyekiti na mhazini wanaofahamika, ahadi inaandikwa na kufuatiliwa, tarehe ya mwisho haibadiliki, matokeo yanaonekana siku ile, na anayechangia leo anajua kesho atachangiwa. Vyuo vyetu vinapowaomba wahitimu wao fedha, mara nyingi havitoi hata kimoja kati ya hivyo. Mhitimu anapewa namba ya akaunti na barua ya jumla kuhusu maendeleo ya chuo, na baada ya hapo hasikii tena fedha zilikwenda wapi. Asiyetoa katika mazingira hayo hana moyo mgumu, ametumia akili.

Hesabu yenyewe haitishi. Tuchukulie chuo kimoja kimepata wahitimu 2,000 walio tayari kutoa shilingi 5,000 kwa mwezi kupitia simu, fedha ambazo ni chini ya vocha za wiki kwa wengi wao. Hiyo ni milioni 10 kwa mwezi, milioni 120 kwa mwaka. Kama theluthi mbili zitakwenda kuziba mapengo ya ada ya wastani wa laki mbili na nusu, wanafunzi 320 watavuka Novemba au Machi, na milioni 40 zitabaki kwa ajili ya walimu: safari za uwandani, kemikali, vipuri, uchapishaji. Na kama mtu mmoja mwenye uwezo ataacha milioni 100 ziwekwe kwenye hatifungani za Serikali, kwa riba ya mfano ya asilimia 10 zitazaa milioni 10 kila mwaka, mwaka baada ya mwaka, hata yeye akiwa hayupo. Kwa milioni hizo hizo 100 ungeweza kujenga sehemu ya jengo na kuandika jina ukutani. Nalielewa jina ukutani, watu wote hupenda kukumbukwa, lakini jengo lisilo na fungu la kulitunza linamzeesha mtoaji wake haraka.

Ugumu uko kwenye usimamizi, na hapa wanaotilia shaka wana haki ya kusikilizwa. Mfuko mdogo ulio karibu ni rahisi kuingiliwa na upendeleo: mtoto wa mjomba, mtu wa dhehebu letu, binti anayependwa na mjumbe wa kamati. Kwa maoni yangu kinga yake ni maamuzi yanayofanywa na watu wasiopungua watano, akiwamo mwakilishi wa serikali ya wanafunzi na mwakilishi wa waliotoa, bila jina la mwombaji mezani, yaani namba ya usajili na pengo lake tu. Jibu litoke ndani ya siku saba. Fedha zisipite mkononi mwa mwanafunzi wala mwa mjumbe bali ziingie kwenye akaunti ya ada. Na siku ya mahafali, mbele ya wazazi, isomwe jumla ya zilizoingia, zilizotoka na zilizobaki, kama mhazini wa Isongole alivyosoma. Dini isiwe kigezo. Chuo cha Wakatoliki kina Waislamu na Wamoraviani ndani yake, na mahindi ya wazazi wao yanavunwa mwezi ule ule.

Upande wa sheria pia kuna mlango ambao haujafunguliwa vya kutosha. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004, katika kifungu cha 16, inamruhusu mfanyabiashara kuondoa kwenye hesabu ya kodi michango aliyoitoa kwa taasisi za hisani, kwa kikomo cha asilimia mbili ya mapato yake ya biashara, na Sheria ya Mfuko wa Elimu ya mwaka 2001, inayosimamiwa na Mamlaka ya Elimu Tanzania, inawatambua wanaochangia kupitia mfuko huo. Wenye maduka wa Mwanjelwa na wenye malori wa Tunduma ambao wangenufaika na nafuu hiyo ni wengi, na sidhani kama wameambiwa. Mwalimu, muuguzi au karani anayekatwa kodi moja kwa moja kwenye mshahara hana nafuu ya namna hiyo, ingawa yeye ndiye angekuwa mtoaji wa elfu tano za kila mwezi. Bunge likilitazama hilo litakuwa limefanya zaidi ya matamko mengi kuhusu kujitegemea.

Nilirudi Isongole mwaka jana. Mhazini alikuwa na daftari lile lile, na safari hiyo usharika ulikuwa na wanafunzi watatu vyuoni. Aliniambia kwamba kukusanya fedha hakumpi shida. Shida ni kwamba habari humfikia kwa simu ya mzazi anayelia, siku nne kabla ya usajili kufungwa, watu wakiwa wameshamaliza fedha zao kwenye mbolea. "Mwanangu," alisema, "hao wakubwa wa chuo waniandikie mwezi wa nane tu, mahindi yakiwa bado ndani. Waniandikie jina, na inayopungua ni shilingi ngapi. Nitawatumia." Hadi tunaachana sikuwa na chuo hata kimoja ambacho ningeweza kumhakikishia kwamba kitamwandikia.